Huruma Ikikosa Daftari

Jumapili moja ya Agosti 1617, katika mji mdogo wa Châtillon nchini Ufaransa, padri alikuwa akivaa mavazi ya ibada alipopashwa habari kwamba nje kidogo ya mji kuna familia ambayo wote wamelala wagonjwa, hakuna hata mmoja wa kumpa mwenzake maji. Padri huyo, Vincent de Paul, akalitaja jambo hilo katika mahubiri. Alasiri alipotoka kwenda kuwatazama, akakuta njia imejaa watu. Wengine walikuwa wanakwenda, wengine wanarudi, wengine wameketi pembeni kupumzika kwa sababu ya jua kali. Kufika kwa wagonjwa, akaona chakula kingi kuliko ambacho familia ile ingeweza kula kabla hakijaharibika. Alilisimulia jambo hilo miaka mingi baadaye, na kiini cha maneno yake kilikuwa hiki: leo wamepata kupita kiasi, kesho watarudi kwenye shida ileile. Upendo ulikuwepo, ila haukuwa na mpangilio.

Siku chache baadaye aliwakutanisha wanawake wa parokia, wakagawana zamu, kila mmoja na siku yake. Kabla mwaka haujaisha walikuwa na kanuni zilizoandikwa, mhazini, na utaratibu wa kutoa hesabu. Kikundi kile kipo hadi leo, kimeenea katika nchi nyingi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu huduma nyingi za kanisa kwa wahitaji huanza kama Jumapili ile ya Châtillon. Tangazo linatolewa, mioyo inaguswa, magunia yanajaa ukumbini. Miezi mitatu baadaye wamebaki wanawake wawili na mzee mmoja, nao wamechoka. Kinachosemwa mara nyingi ni kwamba waumini wamepoa. Siamini hivyo. Ukiipitia historia ya kanisa, huruma haijawahi kuwa adimu kiasi hicho. Kinachokosekana ni daftari: nani ameandikwa na kwa nini, nani anashika ufunguo wa stoo, na ni lini jina linafutwa. Maswali hayo hayana mvuto wa mimbarini, lakini ndiyo yanayoamua kama huduma itafika mwaka wa pili.

Neno moja, kazi tatu

Makanisa mengine huiita huduma hii diakonia, neno la Kigiriki lenye maana ya utumishi, hata ule wa kuandaa meza. (Neno letu "shemasi" limetujia kupitia Kiarabu kutoka Kisiria, nalo asili yake ni kuhudumu. Kwa hiyo shemasi anayeona kazi yake inaishia kwenye kubeba msalaba na kusimama karibu na madhabahu amesahau jina lake.) Wengine husema matendo ya huruma, wengine idara ya Dorkasi, kwa kumbukumbu ya yule mwanamke wa Yafa ambaye alipokufa wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea.

Chini ya jina hilo moja kuna kazi tatu zisizofanana. Ya kwanza ni kuokoa hali: nyumba imeungua, mtu hana pa kulala usiku wa leo, unampa blanketi bila maswali mengi. Ya pili ni kumwinua mtu asimame, kwa ujuzi, mtaji, au kazi. Hii huchukua miezi, pengine miaka, na humhitaji yeye mwenyewe kuliko inavyokuhitaji wewe. Ya tatu ni kumtetea. Mjane aliyenyang'anywa nyumba na shemeji zake hana haja ya kikapu kila mwezi, anahitaji mtu wa kwenda naye kwenye shauri.

Matatizo mengi huzaliwa pale dawa ya kazi moja inapotumika kwa ugonjwa wa nyingine. Mtu aliyepoteza kazi anapewa mfuko wa unga kwa miaka minne. Hakuna aliyekaa naye hata nusu saa kumuuliza alikuwa akifanya kazi gani, nani anaweza kumtambulisha kwa mwajiri, na nini kinamzuia. Upande wa pili, kuna kamati iliyosoma kidogo kuhusu kujitegemea, ikaanza kumpa semina ya ujasiriamali mama ambaye mtoto wake hajala tangu jana. Kati ya makosa hayo mawili, hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linajiona lina akili.

Manung'uniko ya kwanza

Ugomvi wa kwanza wa ndani ya kanisa ambao kitabu cha Matendo ya Mitume kinausimulia kwa undani wa kiutawala ulihusu mgawo. Sura ya 6 inasema Wayahudi wa Kiyunani, yaani wale waliozungumza Kigiriki, waliwanung'unikia Waebrania kwamba wajane wao walisahauliwa "katika huduma ya kila siku". Angalia kitenzi: walisahauliwa. Andiko halisemi walichukiwa wala walibaguliwa kwa makusudi. Wagawaji walikuwa wa lugha moja, waliwajua wajane wa lugha yao, na wale wengine hawakuwa kwenye vichwa vyao. Ndivyo upendeleo unavyofanya kazi hadi leo. Anayegawa huwakumbuka watu wa kwaya yake, wa mtaa wake, wanaomsalimia baada ya ibada.

Mitume hawakutoa mahubiri juu ya upendo. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye kushuhudiwa kuwa wema na wenye hekima, na kusanyiko likawataja: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote saba ni ya Kigiriki. Jina la Kigiriki peke yake halithibitishi kwamba mtu alikuwa wa upande ule, kwa maana hata Wayahudi wa Palestina waliyatumia, lakini yote saba kwa pamoja si jambo la kupita hivihivi. Inaelekea walionung'unika ndio waliokabidhiwa mgawo. Kamati ngapi za leo zina mtu hata mmoja aliyewahi kusimama kwenye ule mstari wa kupokea?

Kadiri kanisa lilivyokua, ndivyo daftari lilivyonenepa. Katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, kuna masharti ya kumwandika mjane: asiandikwe akiwa chini ya miaka 60, na mwenye ndugu waaminio asaidiwe na hao kwanza ili kanisa lisilemewe na liweze kuwasaidia "wale walio wajane kweli kweli". Wapo wasomi wanaoona kwamba orodha ile ilikuwa ya wajane watumishi na si ya wapokeaji tu. Vyovyote iwavyo, orodha ilikuwepo, na ilikuwa na mpaka. Kufikia mwaka 251, Kornelio, askofu wa Roma, aliandika kwamba kanisa lake lina makasisi 46, mashemasi saba, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 wanaotunzwa. Idadi kama hiyo haishikwi kichwani.

Nani aandikwe?

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu wema hukosana. Wapo wanaosema tusichunguze, tumpe kila aombaye, hukumu tumwachie Mungu. Wapo wanaotaka barua, mashahidi wawili, na ukaguzi wa nyumba. Mvutano huu ni wa zamani. Didake, kitabu cha mafundisho ambacho wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, kinaamuru kumpa kila aombaye, na papo hapo kinanukuu usemi kwamba sadaka itoe jasho mikononi mwako mpaka umjue unayempa. Mbele kidogo kinasema msafiri akaribishwe siku mbili, au tatu ikibidi, na akitaka kukaa zaidi afanye kazi. Aliyeandika hivyo alikuwa amekwisha kuona wageni wa kila aina wakipita mlangoni.

Aya inayopigiwa debe sana na wachunguzi ni ile ya Wathesalonike: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula". Wanaisoma kana kwamba imeandikwa "hafanyi kazi". Kitenzi ni "hataki". Mgonjwa, mzee, mama wa watoto wachanga, na kijana aliyebisha milango arobaini akafukuzwa kote, hawamo ndani ya aya hiyo.

Jaribio maarufu la kuchunguza kwa utaratibu lilifanywa na Thomas Chalmers, mchungaji wa Glasgow, katika parokia ya St John's kuanzia mwaka 1819. Parokia ilikuwa na watu wapatao 10,000. Akaigawa katika sehemu 25, kila sehemu na shemasi wake. Mtu akija na shida, shemasi alimtembelea nyumbani na kuuliza kwa mpangilio: unaweza kufanya kazi? Una ndugu? Majirani je? Mfuko wa kanisa ulikuwa wa mwisho kufunguliwa. Gharama zilishuka sana, na Chalmers akaona hiyo ni hoja tosha. Wakosoaji wake waliuliza swali ambalo bado halijapoa: je, shida ilipungua, au watu waliogopa kuomba?

Maoni yangu ni kwamba Chalmers alipatia jambo moja na kukosea jingine. Alipatia kwenye ukubwa wa eneo. Shemasi mwenye kaya chache za kutosha kuzijua kwa majina hahitaji fomu ndefu, kwa sababu ameshaona mlango ambao haufunguliwi siku hizi, na watoto walioacha kwenda shule. Alikosea kuifanya hesabu iliyoshuka kuwa kipimo cha mafanikio. Daftari likipungua, lazima mtu aende kuwaona waliotoka ndani yake.

Nao uchunguzi wenyewe una gharama. Kila swali unalomuuliza mwenye shida linamvua nguo kidogo. Kwa hiyo kanuni nzuri ni kwamba ukubwa wa maswali ulingane na ukubwa wa msaada. Anayeomba mlo mmoja usimuulize habari za ndoa yake. Anayeomba kodi ya miezi sita ana haki ya kuulizwa, na wewe una haki ya kuona mkataba wa nyumba.

Ule mstari wa Jumamosi

Hebu tukae kidogo kwenye ukumbi wa kanisa siku ya mgawo. Saa mbili asubuhi, mstari umeshafika getini. Kwenye meza ya kwanza amekaa binti wa kwaya na karatasi yenye majina. Wa nne kwenye mstari ni mwalimu wake wa zamani wa Shule ya Jumapili. Binti anainamisha kichwa, anatafuta jina ambalo analijua tangu utotoni, anachora alama ya vema bila kuinua macho. Mwalimu anachukua mfuko, anatoka kwa mlango wa pembeni. Pale mbele kijana mwenye simu anasema, "Mama, geuka kidogo, tupate picha ya ripoti."

Hakuna mtu mbaya katika ukumbi ule. Wafadhili wanataka kuona, na haki yao kuona ipo. Lakini picha ya mifuko iliyopangwa mezani inatosha, pamoja na orodha ya mahesabu iliyotiwa saini. Yule mwalimu hataonekana tena, na mwezi ujao mtu atasema, "Afadhali, inaonekana amepata nafuu."

Sheria ya Agano la Kale ilikuwa na njia ya kulikwepa jambo hili. Mambo ya Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni, wala asiokote masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Mwenye shamba hachagui wa kumpa wala hatoi hotuba. Ruthu aliingia shambani akaokota mpaka jioni, akayapura aliyookota, akapata kama efa moja ya shayiri, akaibeba mwenyewe kurudi nyumbani. Makanisa kadhaa yamelisogelea wazo hilo kwa kuacha kugawa mifuko iliyokwisha fungwa na kupanga vitu kwenye rafu, kila anayekuja akachagua kilicho na maana kwake. Mwenye kisukari anaacha sukari, na asiye na jiko haondoki na vitu vya kupika. Kinachobadilika zaidi ni macho ya watu, maana mtu anayechagua huwa anaongea.

Kanuni za Châtillon zilikwenda mbali zaidi, na kwangu hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Zilimwelekeza mhudumu atandike kitambaa, amsalimie mgonjwa kwa uchangamfu, amkatie nyama, ammiminie kinywaji. Kisha zikaongeza kwamba aanze na wagonjwa wenye watu wa kukaa nao, amalizie kwa walio peke yao, ili hao apate kukaa nao kwa muda mrefu zaidi. Aliyeandika sentensi hiyo alijua kwamba bakuli ndiyo sehemu ndogo ya ziara.

Injili na mfuko wa unga

Je, ni halali kumhubiria mtu anayengoja msaada? Swali hili huwasha moto haraka, kwa hiyo tulitenganishe. Kanisa linalotumikia halilazimiki kuficha linamwamini nani. Barua inayohesabiwa kuwa ya Juliani, kaisari wa Roma aliyetaka kurudisha ibada ya miungu ya kale, ya mwaka 362, ilimlalamikia kuhani mkuu wa Galatia kwamba ni aibu Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, kuwasaidia maskini wao na wa wengine pia, huku waabudu miungu wakikosa msaada kutoka kwa watu wao. Kilichomkera ni kwamba msaada ule ulivuka mipaka ya dini na ukaonekana.

Tatizo ni sharti. Mtu mwenye njaa hawezi kukataa kuombewa na anayeshika mfuko. Anaweza kuitika "amina", lakini huwezi kujua ameitikia nini. Kanuni za maadili za mashirika ya misaada za mwaka 1994, ambazo Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Shirikisho la Walutheri Duniani na Caritas Internationalis walikuwa miongoni mwa waliozidhamini, zinakataza msaada kutumiwa kuendeleza msimamo wa kidini au wa kisiasa, na zinataka utolewe kwa kufuata uhitaji tu. Papa Benedikto wa 16 aliandika katika waraka wake wa kwanza, wa mwaka 2005, kwamba upendo ni wa bure, haufanywi ili kufikia malengo mengine. Kiutendaji jambo lenyewe ni jepesi. Mgawo utangulie, kila mtu ashike chake, kisha itangazwe kwamba chumba cha maombi kiko kule kwa anayependa. Wataenda wachache, na hao watakuwa wamekwenda kwa miguu yao.

Funguo nne

Fedha nitaipitia haraka, kwa kuwa kanuni zake zinajulikana, zinapuuzwa tu. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, na sababu aliiandika wazi katika 2 Wakorintho 8: mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile. Kama mtume aliona anahitaji mashahidi, mhazini wa leo asikasirike akiombwa risiti.

Mji wa Leisnig nchini Ujerumani ulitunga mwaka 1523 kanuni za sanduku la pamoja, Martin Luther akaziandikia dibaji. Sanduku lilipangiwa kufuli nne na funguo nne tofauti: mmoja kwa wakuu, mmoja kwa baraza la mji, mmoja kwa raia wa mjini, mmoja kwa wakulima wa vijijini. Bila wote wanne, halifunguki. Mpango huo ulikwama haraka, kwa sehemu kwa sababu baraza la mji halikukubali kuachia mali iliyopaswa kuingia sandukuni. Hata hivyo wazo la kufuli nne bado ni zuri kuliko utaratibu wa bahasha mfukoni mwa mchungaji, hata akiwa mchungaji mwaminifu. Na sadaka iliyotolewa kwa wahitaji isiende kwenye paa la kanisa kwa jina la "mkopo wa ndani". Mikopo ya namna hiyo nadra kurudi.

Kufuta jina

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni mwisho. Msaada mwingi huanza bila tarehe ya kutazamwa upya, kwa hiyo hukoma siku fedha zinapokwisha, na mpokeaji hupata habari akiwa amesimama getini. Afadhali aambiwe tangu siku ya kwanza: tutakuwa pamoja miezi mitatu, kisha tutakaa tena tuone. Wengine hawatafutwa kamwe. Bibi wa miaka themanini asiye na mtu ataandikwa mpaka siku ya maziko yake, na hilo si kushindwa kwa huduma.

John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliiona haja ya mlango wa kutokea. Mwaka 1746, huko London, alianzisha mfuko wa kuwakopesha maskini fedha kidogo, zirudishwe ndani ya miezi mitatu. Mkopaji anaporudisha anafuta deni lake mwenyewe, na kesho akipita mlangoni hapiti kama ombaomba. Lakini mkopo ni kwa mwenye kitu cha kufanya nao. Ukimkopesha mgonjwa umemwongezea ugonjwa wa pili.

Yapo pia mambo ambayo kamati ya kanisa haiyawezi: ulevi uliokomaa, ugonjwa wa akili, mke anayepigwa, mtoto aliyeumizwa. Hapa nia njema inaweza kuua. Mwanamke anayerudishwa kwa mumewe "wakayamalize kwa maombi" amerudishwa kwenye hatari. Mtoto akisema kuna mtu amemgusa vibaya, habari hiyo haimalizwi kikaoni, inapelekwa kwa vyombo vya sheria hata kama mtuhumiwa ni mzee wa kanisa. Kwa sababu hiyohiyo mhudumu yeyote asikae peke yake na mtoto faragha, na anayetaka kujitolea aulizwe alikotoka kabla hajapewa funguo.

Ndiyo maana kwenye jalada la ndani la daftari panafaa kuandikwa majina na namba za watu wa nje: mwanasheria anayekubali kusikiliza bila malipo, muuguzi, afisa wa ustawi wa jamii, mkuu wa kituo cha makazi ya muda. Na ikibidi kumwambia mtu kwamba hili hatuliwezi, mtu mmoja kutoka kanisani aende naye huko alikoelekezwa, akae naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe.